Pori Halikuwa Tupu

Filamu za watu wanaonusurika porini zina desturi moja. Kamera inapanda juu kama tai, inatuonyesha msitu usio na mwisho, mto, milima, na kule chini kabisa kuna kitu kidogo kinachotembea. Ni mtu. Muziki unapanda. Tunaambiwa: tazama pori lilivyo kubwa, tazama binadamu alivyo mdogo. Kwenye vibanda vya video vya Arua na Koboko filamu za namna hiyo zinajaza mabenchi, na hata mimi nazipenda. Lakini sisi wa makazi ya Rhino Camp, Imvepi na Lobule tuna swali ambalo mtazamaji wa London pengine halimjii. Wengi wetu tumewahi kulala porini, na hatukulala kwa kupenda. Swali letu ni hili: sasa wale wengine wako wapi?

Nataka kuziuliza filamu mbili swali hilo. Moja ilipigwa picha kwenye maji haya haya yetu. Nyingine inahusu watu ambao leo ni majirani zetu wa bloku. Hoja yangu naisema mapema ili tusipotezane njiani: ukubwa wa mandhari hauipi filamu moyo. Filamu ya pori inapata moyo pale inapohesabu watu, walio mbele ya kamera na waliobaki nyuma.

Filamu ya kwanza ni The African Queen, iliyotoka mwaka 1951. Ni ya zamani, vijana watasema ni ya mababu, lakini ni ya hapa hapa. Mwongozaji John Huston, Mmarekani, aliwaleta Humphrey Bogart na Katharine Hepburn mpaka Congo ya Wabelgiji na Uganda, wakapiga picha Butiaba kwenye Ziwa Albert na kwenye maporomoko ya Murchison. Maji yanayoanguka pale Murchison yanaingia ziwani kwenye ncha yake ya kaskazini, yanatoka tena, yanapita Pakwach, yanapita Rhino Camp, yanapita Obongi, halafu yanaelekea Nimule. Kwa hiyo mto ule unaoonekana kwenye filamu ni mto wetu, sehemu ya juu kidogo tu.

Na kwa picha, bwana, waliweza. Wakati ule filamu nyingi za Hollywood zenye hadithi za Afrika zilitengenezwa ndani ya studio, kwa miti ya bandia. Huston alikataa. Mpiga picha wake, Jack Cardiff, alikuwa na kamera za rangi za Technicolor, mizigo mizito ya kubeba kwa mtumbwi na kwa mabega ya watu. Wengi kwenye kikosi waliugua. Hepburn naye aliugua tumbo, na miaka mingi baadaye, mwaka 1987, akaandika kitabu kizima kuhusu safari ile. Matokeo yake tunayaona: mamba wanateleza kwenye tope, viboko wanainuka, mafunjo yanasimama kama ukuta, jua la jioni linalala juu ya maji. Mtu wa West Nile akitazama hahitaji kuambiwa ni wapi. Pua yake inakumbuka harufu.

Hadithi yenyewe ni fupi. Ni mwaka 1914, Vita vya Kwanza vya Dunia vimeanza, na tuko kwenye koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki. Mmisionari Mwingereza na dada yake Rose wana kanisa kijijini. Wanajeshi wa upande wa Wajerumani wanakuja, wanachoma nyumba, wanaswaga wanakijiji kama mifugo. Mmisionari anapigwa, anapata homa, anakufa. Rose anaondoka na Charlie, mlevi mwenye boti kuukuu ya mvuke, wanateremka mto wenye maporomoko ili waende kuzamisha meli ya Wajerumani kwenye ziwa. Njiani wanapendana.

Sifa kwanza, kwa sababu inastahili. Sehemu yenye moyo kuliko zote ni ile ya ruba. Boti imekwama kwenye matete, Charlie anaingia majini kuivuta kwa kamba. Akitoka, mwili wake umejaa ruba wanaomnyonya damu. Huyu mwanamume aliyepita maporomoko na risasi, kwa ruba anatetemeka kama mtoto. Rose anamsaidia kuwatoa. Kisha wote wawili wananyamaza, kwa sababu wote wanajua: boti bado imekwama. Charlie anachukua kamba, anarudi majini.

Hapo ndipo filamu inapogusa kitu ambacho watu wa hapa tunakijua vizuri. Mara ya kwanza mtu anaingia kwenye hatari kwa kutojua. Mara ya pili anaingia akijua kila kitu: baridi, uchafu, ruba wenyewe. Ujasiri wa mara ya pili ndio ujasiri. Wako akina mama kwenye bloku zetu waliovuka mpaka mara moja na watoto, kisha wakarudi upande wa pili kumfuata mzee aliyebaki. Hao hawahitaji kuelezwa sura ya Charlie pale anaposhika kamba.

Sasa sikiliza jambo la kushangaza. Matukio ambayo Bogart na Hepburn wanaonekana ndani ya maji hayakupigwa Afrika kabisa. Maji ya huku yalionekana ni ya hatari, kwa hiyo yalipigwa Uingereza, ndani ya matangi ya studio. Kumbe kipande chenye moyo kuliko vyote kwenye filamu hii ya pori kilitengenezwa mahali pasipo na pori! Kulikuwa na tangi, taa, na nyuso mbili za watu. Maporomoko ya Murchison yametupa mshangao. Nyuso zile zimetupa huruma.

Hilo si la filamu ya zamani peke yake. The Revenant, ya mwaka 2015, wengi wenu mmeiona: Leonardo DiCaprio anararuliwa na dubu, wenzake wanamwacha, anatambaa kwenye theluji. Ilipigwa Kanada na Argentina, sehemu kubwa kwa mwanga wa asili, na kwa ukubwa wa picha sijui kama ina mpinzani. Mazungumzo ni machache, kwa hiyo viijei wa kibanda, ambaye kazi yake ni kutafsiri na kuongeza chumvi, ananeemeka kweli kweli. Hadithi inatokana na mtu wa kweli, mwindaji Hugh Glass, aliyeumizwa na dubu mwaka 1823. Lakini mtoto wa kiume ambaye kwenye filamu anauawa mbele ya macho yake, huyo aliongezwa na watengenezaji. Kwa nini? Nadhani waliona kwamba theluji, milima na dubu havitoshi kutufanya tulie. Ilibidi awepo mtu wa kuliliwa. Wao wenyewe, kwa vitendo, walikiri kwamba pori peke yake halina moyo.

Turudi kwenye The African Queen, kwenye kile kijiji kilichochomwa. Mwanzoni kabisa tunawaona wanakijiji kanisani. Mmisionari anaimba, Rose anapiga kinanda, na waumini wanatoa makelele yasiyo wimbo, ili mtazamaji acheke. Charlie anatupa kipande cha sigara nje, watu wanakigombania, mtazamaji acheke tena. Kisha moto. Nyumba zinawaka, watu wanakimbia, wanakamatwa, wanaondolewa. Dakika chache tu. Halafu filamu inawafuata watu wawili kwenye boti, na kijiji hakirudi tena. Hakirudi kwenye picha wala kwenye hesabu ya hadithi. Rose anaapa kulipiza kisasi, na kisasi ni cha ndugu yake na cha Uingereza.

Mtu wa Rhino Camp akitazama hapo, jicho lake haliendi na boti. Linabaki kwenye moshi. Kwa sababu sisi ni wa ule upande wa moshi. Wale waliokimbilia kwenye nyasi ndio sisi. Tunataka kujua mama yule aliyebeba mtoto alifika wapi, nani alimpa maji, usiku wa kwanza alilala vipi. Filamu ya kunusurika imeanza na watu wengi wanaopaswa kunusurika, ikachagua wawili wenye boti.

Na kwenye historia tunajua kidogo walikokwenda watu wa namna ile. Vita ya 1914 mpaka 1918 huku Afrika Mashariki ilibebwa kwa vichwa na mabega. Magari yalikuwa machache, wanyama wa mizigo walikufa kwa ndorobo, kwa hiyo pande zote mbili zilikamata wanaume kuwa wapagazi. Makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa njaa na magonjwa kuliko kwa risasi. Ukienda Dar es Salaam kuna Kariakoo, Nairobi kuna Kariokor, na majina yote mawili yametoka kwenye jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi hao. Watu wananunua vitunguu pale kila siku juu ya jina la msiba. Hilo lilikuwa pori la kunusurika kweli kweli, na hakuna Technicolor iliyowafuata.

Mtu atasema: wewe unadai makubwa, ile ni filamu ya 1951, wakoloni ndivyo walivyoona. Ni kweli, na sitegemei mzungu wa 1951 aone ninavyoona mimi. Lakini lawama yangu ni ya kazi ya sanaa, si ya siasa tu. Filamu inapowasahau wanakijiji inajipunguzia nguvu yenyewe. Rose angekuwa mzito mara mbili kama angebeba sura za watu aliokaa nao miaka kanisani. Sentensi moja usiku kwenye boti ingetosha. Bila sentensi hiyo mapenzi yao yanapendeza, yanachekesha, lakini yanaelea juu juu kama boti yenyewe.

Na hili si jambo la filamu tu. Hata jina Rhino Camp limetoka kwenye hadithi ya pori ya mtu mwingine. Theodore Roosevelt, rais mstaafu wa Marekani, alipiga kambi ng'ambo hii ya Nile mwaka 1910 kuwinda vifaru weupe, wakati eneo likiitwa Lado. Yeye aliona nyika na wanyama. Waliokuwa wakiishi na kulima hapa tangu zamani waliona nyumbani. Vifaru wale walitoweka, jina limebaki, na juu ya jina hilo wanaishi watu waliotoka Yei, Kajo-Keji na kwingineko.

Filamu ya pili ni The Good Lie, ya mwaka 2014, iliyoongozwa na Philippe Falardeau wa Kanada. Inahusu watoto wa Sudan ya kusini waliotembea kwa miguu wakati wa vita, wale ambao wazungu waliwaita wavulana waliopotea. Inakadiriwa watoto kama 20,000 walitembea tangu mwaka 1987, kwanza Ethiopia, kisha walipofukuzwa kule mwaka 1991 wakageuka, na mwaka uliofuata wengi wakaingia Kakuma, Kenya. Zaidi ya 3,000 walipelekwa Marekani miaka ya 2000 na 2001. Wahusika wakuu wanaigizwa na watu wenye damu ya habari hiyo. Ger Duany alikuwa mkimbizi mwenyewe, baadaye akawa balozi wa hisani wa UNHCR. Emmanuel Jal alikuwa mtoto askari kabla ya kuwa mwanamuziki. Kuoth Wiel alizaliwa kambini Ethiopia. Arnold Oceng, anayeigiza kama Mamere, alizaliwa Uganda.

Kwa mandhari, filamu hii haifikii ile ya kwanza. Ilipigwa Afrika Kusini, na mtu aliyetoka Equatoria au Jonglei ataona mara moja kwamba nyasi si zile na udongo si ule. Lakini kuna tukio moja ambalo kwangu linazidi maporomoko yote. Watoto wamejificha kwenye nyasi ndefu. Mamere anaonekana na askari. Kabla hawajamfikia, kaka yake Theo anasimama na kujitoa yeye. Askari wanamchukua. Wengine wanabaki wamelala kwenye nyasi, kimya, wakiwa hai kwa gharama ya mtu mwingine.

Angalieni jinsi lilivyo dogo. Hakuna dubu, hakuna maporomoko. Nyasi tu, na kijana anasimama. Kuanzia hapo Theo hayupo kwenye picha, lakini yupo kwenye kila picha. Mamere anapokula, Theo yupo. Anapopanda ndege kwenda Marekani, kiti cha Theo kipo wazi. Anapopata kazi dukani, anafanya kazi na deni. Filamu imemhesabu mtu aliyebaki nyuma, na hesabu hiyo ndiyo inayobeba hadithi nzima mpaka mwisho, pale Mamere anaporudi Kenya kumtafuta, anampata, hapati karatasi za kumsafirisha, na kwenye uwanja wa ndege anampa kaka yake hati zake mwenyewe, asafiri kwa jina lake. Yeye anabaki kambini. Huo ndio uongo mwema wa kwenye jina la filamu. Charlie alirudi kwenye ruba. Mamere anarudi kambini. Ni ujasiri ule ule wa mara ya pili, ila huyu anajua anamrudia nani.

Kasoro zipo, na nyingine ni kubwa. Wakifika Marekani, sehemu ndefu inageuka vichekesho vya wageni wasiojua mambo ya mjini, na kicheko hicho kinafanana kidogo na kile cha kanisani 1951. Kwenye tangazo la filamu sura iliyowekwa mbele ni ya Reese Witherspoon, anayeigiza mwanamke wa ofisi ya kazi, na waliotembea wakawekwa nyuma yake. Wasichana pia wamepunjwa: Abital, dada yao, anatenganishwa na kaka zake walipofika, na filamu inamwacha pembeni muda mrefu. Kwenye historia ndivyo ilivyokuwa, wasichana wengi walimezwa na familia za kulea na majina yao hayakufika kwenye orodha. Filamu ilikuwa na nafasi ya kuwahesabu, ikaitumia nusu.

Kuna pingamizi nalisikia mapema. Hadithi haiwezi kumfuata kila mtu. Kamera moja, saa mbili, lazima uchague. Sawa kabisa. Lakini kuhesabu hakuhitaji kuonyesha. Theo anaonyeshwa dakika chache tu. Kinachohitajika ni hadithi ijue kwamba mtu amepungua, na ibadilike kwa sababu hiyo. Wengine watasema: mimi kweli nilikuwa peke yangu njiani. Wapo, nawajua. Lakini muulize mtu huyo vizuri. Atakuambia kuna mwanamke alimwonyesha mahali pa kuvukia. Kuna mzee alimpa muhogo mbichi. Kuna nyumba moja mlango ulifunguliwa usiku. Pori lina wenyewe.

Na wenyeji wetu wanalijua hilo kabla yetu. Baada ya kuanguka kwa Idi Amin mwaka 1979, watu wa West Nile walikimbia kwa wingi, wakaingia Congo na Sudan, wakakaa huko miaka. Wazee wa Koboko wanaotupangisha mashamba leo walilala kwenye nyasi hizo hizo wakielekea upande mwingine. Karibu na Koboko kuna Salia Musala, pale nchi tatu zinapogusana, na Wakakwa wako pande zote tatu. Ukipiga picha ile sehemu kutoka juu, kwa kamera ya tai, utaona miti na vilima tu, pori zuri lisilo na mtu. Ukishuka chini utakuta shangazi wa mtu.

Hapa nawageukia ninyi mnaofanya kazi kwenye mashirika, kwa heshima. Mnakuja na kamera na karatasi za maswali, na tunajua mnatafuta hadithi zitakazowagusa wafadhili. Mara nyingi swali huwa: ulipitia hatari gani njiani? Ni swali la The Revenant. Linataka dubu. Mtu anajibu risasi, njaa, mto, nyoka, kwa sababu ndicho kilichoulizwa, na hadithi inatoka na mandhari kubwa na mtu mmoja mdogo ndani yake, anayesubiri kuokolewa. Ongezeni swali moja: ulikuwa na nani? Na jingine, mkiona anaweza kulibeba: nani hakufika? Msiharakishe jibu. Mtapata hadithi ndefu kuliko ukurasa, yenye watu waliookoana wenyewe kabla gari la shirika lolote halijafika. Hiyo itawagusa wafadhili wenu zaidi, na itakuwa kweli zaidi.

Nasi tunaoandika kwenye kijarida hiki tusijione tumepona. Nikisoma insha zetu za safari naona tai wa kamera ametuingia. Tunaandika "nilitembea siku nyingi", "nilivuka mto", "nilifika mpakani". Nani alibeba sufuria? Nani alimnyamazisha mtoto? Yule dereva wa lori aliyekataa pesa alikuwa na sura gani? Kiswahili chenyewe kinatupa silaha, kwa sababu ukibadilisha herufi mbili tu, nilivuka inakuwa tulivuka, na ukurasa mzima unajaa watu.

Kwa hiyo zitazameni filamu zote mbili mkizipata. The African Queen kwa ajili ya mto wetu na kwa ajili ya Charlie kurudi majini, na mkifika kwenye kijiji kinachowaka, simamisheni kidogo mwaangalie waliomo. The Good Lie kwa ajili ya kijana mmoja anayesimama kwenye nyasi. Kisha anayejua kuandika akae na asiyejua, usiku mmoja, na waandike majina ya wote waliotembea nao, pamoja na wale ambao hawakufika.